Usinunue Busta Kabla Hujapanda Paani

Maneno haya niliwaambia majirani zangu wa Wete, Pemba, tulipokutana kwenye ukumbi wa skuli baada ya sala ya alasiri. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, isipokuwa nimeondoa vicheko na simu zilizolia katikati.

Assalamu alaykum. Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu mlioko upande wa madirisha, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mkichoka muondoke bila kuonekana: nakuoneni.

Nimeitwa hapa kwa sababu ya mwezi. Usiku ule wa kusubiri tangazo la kuandama, nyumba nyingi za mtaani zilikuwa zimewasha televisheni, na kwa zaidi ya nyumba moja picha ikaganda na mtangazaji mdomo wazi. Watu wakatoka barazani kuulizana: vipi, umeandama? Mzee mmoja, yumo humu ndani na simtaji, alinijia na tochi mkononi. Hakuuliza habari ya mwezi. Aliuliza bei ya busta, ile mashine ya kukuza mawimbi ya televisheni.

Nikamwambia, babu, busta sina. Ngazi ninayo.

Akakasirika kidogo, maana alikuwa ameshapigiwa hesabu dukani na pesa alikuwa nayo mfukoni. Na simlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe, fundi, niliwahi kununua busta iliyoandikwa kwenye boksi kuwa inavuta kilomita 200. Kilomita 200 kutoka hapa Wete ni Dar es Salaam! Niliifunga nyuma ya televisheni, taa yake nyekundu ikawaka vizuri sana, na chaneli zikapungua mbili. Busta ile bado ninayo. Wajukuu zangu wanaichezea dukani-dukani.

Basi hebu tuelewane kwanza busta ni kitu gani. Busta haitafuti mawimbi. Haina macho wala miguu. Inakuza kile kilichokwisha kuingia kwenye antena, kizuri na kibaya pamoja. Mwekee kipaza sauti mtu anayenong'ona katikati ya soko siku ya kuamkia Idi: utausikia mnong'ono mkubwa ndani ya makelele makubwa, na alichosema hutakijua. Mawimbi ambayo antena haikuyapata, hakuna mashine ndani ya nyumba itakayoyapata. Kwa hiyo kazi yetu iko juu ya paa, na leo nataka twende huko juu pamoja.

Kabla ya kupanda, nikukumbusheni jambo. Sisi si wageni wa televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na inatajwa kuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Wenzetu wa bara walipata kituo chao cha kwanza mwaka 1994. Kwa miaka ishirini, watu wa Dar es Salaam ndio waliokuwa wakiinua antena, na kwa kukosa antena wakiinua masinia, kuitafuta Zanzibar. Wazee mliopo hapa mnakumbuka zile picha zenye chenga. Ukiona chenga nyingi unamtuma mtoto azungushe mlingoti, mwengine anasimama mlangoni, wa tatu mbele ya skrini. "Vipi?" "Bado!" "Sasa?" "Ipo! Ipo! Imekwenda!"

Elimu ile ilikuwa nzuri kwa zama zile, na ndiyo inayotuponza leo. Televisheni ya zamani ilikuwa inakwambia ukweli kidogo kidogo. Mawimbi yakipungua, chenga zinaongezeka, na wewe unajua unapotea njia. Ya dijitali haikwambii kitu. Picha ni safi kama kioo, safi, safi, halafu ghafla vipande vipande, halafu kimya. Ni kama kutembea juu ya jabali usiku: kila hatua ni salama mpaka ile moja. Mtu anayeona picha safi leo hajui kama yuko katikati ya jabali au ncha ya kidole imeshaning'inia. Ndiyo maana antena iliyofungwa wakati wa kiangazi, jua kali na majani makavu, ikaonyesha vizuri kabisa, inakuja kumuaibisha mwenyewe masika.

Na ile ya kumzungusha mtoto huku unapiga kelele, iacheni. King'amuzi kinahitaji muda kuyashika mawimbi na kuyafungua. Ukizungusha mlingoti bila kusita, utapita mahali pazuri mara tatu na king'amuzi hakijapata nafasi ya kukuonyesha. Mimi nageuza kidogo, upana wa vidole viwili vya mkono, halafu nasoma sura ya Kulhuwallahu mara moja polepole. Nikimaliza ndipo namuuliza aliye ndani, tena namuuliza kwa simu, si kwa kupiga ukelele ukawasumbua majirani.

Na aliye ndani asitizame picha. Atizame ule ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Wengi wenu mnaufurahia ule wa nguvu. Nguvu inaweza kuwa tisini na picha isiwepo, hasa ukiwa na busta, kwa sababu makelele nayo yanahesabiwa. Fuata ubora. Jengine: chaneli hazisafiri moja moja. Zinasafiri kwa mafungu, fungu zima likipakiwa kwenye masafa mamoja kama abiria kwenye gari moja ya Chake. Ndiyo maana zikipotea zinapotea nyingi kwa pamoja. Unapotega antena, chagua chaneli ya fungu lile linalokusumbua, lile dhaifu. Ukilipata hilo vizuri, mengine kwa kawaida yanafuata.

Sasa tupande kwa yule mzee.

Paa lake ni la bati, na antena alikuwa nayo, ile ndefu yenye vijiti vingi, imefungwa kwenye mwanzi. Nimefika juu, cha kwanza nilichokiona kilinichekesha, nikajizuia kwa heshima. Antena ilikuwa inatizama nyuma. Wavu wake mkubwa ulielekea kwenye mnara na vijiti vifupi vinatizama kwenye shamba la muhogo.

Ninyi ni watu wa bahari, nitakwambieni kwa lugha ya chombo. Antena ina omo na ina tezi. Vijiti vifupi vifupi vilivyopangwa mbele ndio omo. Vinauongoza mwendo wa mawimbi. Ule wavu, au kile kijiti kirefu kuliko vyote, ndio tezi. Unayazuia mawimbi yasipite na kuyarudisha mbele. Kati yao kuna kijiti kilichokunjwa kama kitanzi chenye kijisanduku cha plastiki. Hicho peke yake ndicho kinachopokea, na ndipo waya unapofungwa. Vyengine vyote ni wasaidizi. Waliogundua mpango huu ni Wajapani wawili, Shintaro Uda na mwalimu wake Hidetsugu Yagi, mwaka 1926. Kazi kubwa aliifanya Uda, jina likabaki kwa mwalimu, na leo dunia nzima inaita Yagi. Hayo mnayajua, hata kwenye ufundi seremala hutokea.

Watu hukosea kwa sababu wavu ni mkubwa na unafanana na sikio, wanadhani ndio unaosikiliza. Na wengine wamezoea dishi, ambalo kweli linatizama na upande wake mpana. Dishi linatizama satelaiti mbinguni; antena inatizama mnara uliosimama ardhini, imelala sawasawa na upeo wa macho. Usiinue pua yake juu kama bunduki ya kuwindia kunguru.

Mnara uko upande gani? Hilo halihitaji fundi. Tizama antena za majirani wanaopata picha nzuri, zikiwa tatu zinaelekea pamoja basi hapo pana neno. Simu nyingi sasa zina dira ndani yake. Chukua upande huo na uutie alama ukutani kwa mkaa. Ukitizama za jirani, tizama pia namna vijiti vyake vilivyokaa, kama vimelala au vimesimama wima. Mawimbi hutumwa kwa ulalo fulani, na antena iliyosimama haiyapati vizuri mawimbi yaliyolala. Hapo tu watu hupoteza sehemu kubwa ya walichokuwa nacho, na kuigeuza ni robo mzunguko tu kwa spana.

Tukaigeuza ya mzee ikatizama mbele. Ubora ukapanda kutoka sifuri mpaka karibu nusu. Yeye chini akasema alhamdulillahi, basi inatosha, shuka. Nikamwambia hujaona bado.

Kwa sababu mbele ya paa lake upo mkarafuu. Mnaujua urefu wa mkarafuu mkongwe, mita 10 na kuzidi. Unguja kuna tambarare nyingi, lakini sisi Pemba ni kilima, bonde, kilima, na juu ya kila kilima mti. Mawimbi haya ya televisheni ni mafupi. Kwenye masafa ya megahezi 600, wimbi moja lina urefu wa sentimita 50, yaani dhiraa moja. Mawimbi marefu ya redio ya zamani yalikuwa yanaruka kilima na kuteremka bondeni bila taabu. Haya ya dhiraa hayana subira hiyo. Yanakwenda moja kwa moja kama mwanga. Jani likiwa kavu yanapita na kupungua kidogo. Jani likilowa, maji yanayanywa. Mkarafuu uliolowa kwa mvua ya mchoo ni ukuta.

Lakini kwa kuwa wimbi ni dhiraa moja, kuna faraja. Mahali pabaya na mahali pazuri haviko mbali. Mawimbi yanayotoka mnarani na yale yaliyogonga bati la jirani yakarudi hukutana juu ya paa lako. Mahali pengine yanasaidiana, mahali pengine yanauana. Sogea hatua moja, hata nusu hatua, hesabu imebadilika. Nilitembea juu ya lile paa nikiwa nimeishika antena mkononi, waya wangu wa kujaribia unaburuzika nyuma kama mkia, nikisogea dhiraa moja, Kulhuwallahu, dhiraa moja, Kulhuwallahu. Kwenye pembe ya jikoni, ambako hakuna mtu angefikiria kuweka antena, mkarafuu ukabaki mkono wa kushoto na mbele ikawa wazi. Kijana wa ndani akasema: themanini na mbili.

Hatua sita. Hazikugharimu kitu.

Nieleze kidogo habari ya urefu, maana watu wengine wanadhani ukipandisha mlingoti mpaka mbinguni utaipata dunia nzima. Mnara ukiwa na mita 100, na antena yako ukaiweka mita 9 kutoka ardhini, na kati yenu pakawa tambarare, mawimbi yatakufikia kama kilomita 50 kabla mgongo wa dunia haujayakata. Ukiishusha antena ikawa mita 4, umbali huo unapungua kama kilomita 4 tu. Kwa hiyo huinui antena ili kuushinda mgongo wa dunia. Unaiinua ili ipite juu ya mkarafuu, juu ya bati la jirani, juu ya ukingo wa kilima. Ikishapita, mita za ziada zinakuletea upepo tu.

Hapo ndipo vijana huniuliza: mbona usiku mwengine tunapata vitu vya ng'ambo? Ni kweli. Tanga iko kama kilomita 70 kutoka hapa, na katikati ni maji matupu. Usiku wa joto, upepo umelala na bahari imetulia, hewa hujipanga tabaka juu ya bahari, ya moto juu na ya baridi chini, na mawimbi hunaswa ndani yake yakapinda pamoja na dunia mpaka huku. Asubuhi jua likiwaka, tabaka linavunjika, chaneli imekwenda. Msijenge nyumba juu ya jambo hilo. Na lina ubaya wake: mawimbi ya mbali yakija kwa masafa yale yale ya mnara wetu, yanagombana na yetu, na wewe unapoteza hata ulichokuwa nacho. Usiku kama huo usipande paani kutafuta kosa. Lala.

Kuna jengine linalotuhusu sote, nalo ni bati. Tulipokuwa tunaishi chini ya makuti, antena ndogo ya ndani, ile ya masikio mawili, ilikuwa inatosha kwa nyumba nyingi. Makuti makavu hayazuii kitu. Tukaezua, tukapiga bati, tukafurahi kwa sababu hatutoki tena kuziba mavujo, na siku ile ile televisheni ikafa. Watu walisema king'amuzi kimeharibika. Bati linarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Ukiwa na bati juu na kuta za tofali, antena ya ndani inasikiliza kupitia dirishani tu, na kwa ndugu zetu wa Mji Mkongwe, kwenye zile kuta nene za mawe na chokaa, hata dirishani hapatoshi. Kama huwezi kuitoa nje kabisa, iweke dirisha linalotizama mnara, mbali na friji. Lakini ukweli ni kuitoa nje.

Basi, kwa mzee: antena inatizama mbele, iko pembe ya jikoni, themanini na mbili. Tukafunga skrubu, nikaurudisha waya wake wa zamani, nikashuka. Ndani ya nyumba ubora ukasoma arubaini!

Hapa ndipo penye kitu nilichokuja nacho mkononi. Kijana, pitisha hii, watu waishike. Hiki ni kipande cha waya wake, shubiri moja, nilichokikata kutoka pale kwenye kijisanduku cha juu. Tizameni ncha yake. Katikati kuna kiini cha shaba, kinatakiwa kiwe na rangi ya senti mpya. Hiki ni cheusi. Halafu pana plastiki nyeupe, na juu yake wavu wa nyuzi. Hizo nyuzi zimekuwa kijani, zikisuguliwa zinatoka unga. Mkikibana kwa kidole, kinatoa maji. Onjeni kama mnataka: yana chumvi.

Waya huu ulikuwa umefungwa bila kuzibwa. Upepo wa kusi unaleta chumvi kutoka baharini, mvua inaiyeyusha, na ule wavu wa nyuzi unainyonya kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Maji hayaishii juu. Yanateremka ndani ya waya dhiraa baada ya dhiraa. Nilikata, bado kijani. Nikakata tena, bado. Kwa mzee tulitupa waya mzima. Na kuna ubaya mwengine mdogo kabisa ambao macho ya mzee yasingeuona: unywele mmoja wa ule wavu ulikuwa umepinda ukagusa kiini cha katikati. Unywele mmoja! Hiyo inatosha kuyaua mawimbi yote, na kama king'amuzi chako kinapeleka umeme juu kwa ajili ya antena yenye busta ndani, kinaweza kuzima umeme huo kujilinda, ukabaki unatizama skrini nyeusi na kuwalaumu wenye mnara.

Kwa hiyo nunua waya mzuri kwa zile pesa ulizotaka kununulia busta. Uombe wa televisheni, ohmu 75, mnene, ule ulioandikwa RG6. Waya nao unakula mawimbi kadri unavyorefuka. Huo mnene, kwenye mita kama 17, nusu ya nguvu imeshaliwa. Ule mwembamba unaouzwa umekunjwa pamoja na antena, nusu inaliwa ndani ya mita 10 au chini yake. Kata kulingana na safari, usiache mita tisa umezizungusha nyuma ya kabati eti akiba. Mzee alikuwa nazo. Na ukiugawa kwa televisheni mbili, kila moja inapata chini ya nusu. Hakuna kigawio kinachozalisha.

Kwenye kufunga, pakaza grisi kidogo, zungushia tepu nyeusi ukianza chini kwenda juu ili mikunjo ikae kama makuti, maji yateleze. Juu yake kaza mpira wa tyubu ya baiskeli. Kabla waya haujaingia dirishani, uache uning'inie chini kidogo halafu upande kuingia ndani. Maji yatafuata waya mpaka kwenye lile tumbo na kudondoka hapo hapo, badala ya kuingia kwenye king'amuzi. Ndivyo nilivyofanya kwa mzee, na ubora wa ndani ukawa sabini na tisa.

Na mlingoti. Mwanzi ni mzuri kwa mwaka mmoja, halafu unapasuka na kuanza kuzunguka wenyewe. Nimewaona waliofunga juu ya mshelisheli. Mti unakua, jamani, na unacheza na upepo. Antena yako inatizama mnara, inatizama msikiti, inatizama mnara. Nunueni paipu ya chuma iliyopakwa zinki, mfunge nyaya tatu za kuikazia pande tatu. Antena ni ya alumini. Skrubu za chuma cha kawaida zikikutana na alumini na chumvi, zinakula pale zinapogusana. Kila mwaka kusi likikaribia kuanza, mtu apande atizame.

Sasa niseme bila utani. Umeme wetu unatoka Tanga chini ya bahari tangu mwaka 2010, na njia kubwa inabeba volti elfu thelathini na tatu. Nyaya nyingi zinazopita mitaani hazina ganda kama zile za ndani ya nyumba. Paipu ya mita 6 inaposimamishwa huwa nzito kichwani, inayumba, na aliyeishika hana muda wa kuiachia. Kabla ya kuinua, ilaze chini upande ulio na nyaya. Kama ncha yake inakaribia chini ya waya, hapo si mahali pa mlingoti, hata kama mawimbi ni mia kwa mia. Usipande bati likiwa limelowa, kanyaga juu ya misumari ambako pana boriti chini. Paipu uiunganishe kwa waya mnene na chuma kilichozikwa ardhini, na radi ikianza kunguruma chomoa antena na umeme pia. Mtoto asipelekwe juu kwa sababu ni mwepesi.

Je, busta haina kazi kabisa? Inayo, nisiwafungie watu biashara. Kama antena yako imeshapata mawimbi mazuri huko juu, lakini nyumba ni kubwa, waya ni mita 30 au unagawa vyumba vitatu, busta inarudisha kile kilicholiwa na waya. Basi ikae juu, karibu na antena, kabla waya haujaanza kula. Ya nyuma ya televisheni inakuza kilichobaki na uchafu wake. Chagua ndogo. Kubwa mno inajijaza, inaanza kutapika makelele yake yenyewe. Na siku hizi sehemu ya juu ya masafa ya zamani ya televisheni, kwenye megahezi 700 na 800, wamepewa watu wa simu. Ukiwa karibu na mnara wa simu, busta isiyochuja inaikuza simu kwanza, televisheni baadaye. Ndivyo yangu ilivyofanya, nadhani, ile ya kilomita 200.

Mama mmoja ananyoosha mkono, ngoja nimjibu kwa sababu swali lake nalijua: yeye ana televisheni mpya na haina king'amuzi. Bi, televisheni nyingi mpya zina king'amuzi ndani, tizama kwenye boksi kama pameandikwa DVB-T2. Kama ipo, waya wa antena unaingia moja kwa moja, kisha unaamuru itafute chaneli upya. Na kila mtu akihamisha antena, atafute upya. King'amuzi kina kumbukumbu ya zamani na hakikisii.

Yamebaki masuala, nayaona. Lakini maghribi inakaribia na skuli hii hapa juu ina antena, mwalimu mkuu ameniruhusu, na tangu niingie nimeiona kupitia dirisha lile: wavu wake unatizama mnara. Ngazi iko nyuma ya choo. Nataka watu wawili wa kushika chini, mmoja ndani na rimoti, na mmoja ambaye Kulhuwallahu anaisoma polepole.